Mgeni wa Taifa Hali Mihogo

Kuna nchi moja, jirani na nchi zote, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Nilikwenda kuuliza kama naruhusiwa kulitaja, nikaambiwa jina limepelekwa kwa wataalamu kupigwa msasa, na likirudi nitajulishwa. Basi nangoja. Habari yenyewe lakini haiwezi kungoja, maana walioishuhudia wanazeeka.

Mwaka ule mvua zilinyesha vizuri na watu wa nchi hiyo wakaanza kuwa na tabia ya kushiba. Ndipo Serikali ikapokea zawadi. Nchi rafiki, ya mbali huko kwenye baridi, ilikuwa imepewa twiga ikaona haya kukaa kimya, ikaleta nguruwe mwitu. Walishushwa uwanja wa ndege kwa ngoma na vigelegele, wakavishwa mashada ya maua, nao wakayala mashada hapo hapo. Redio ya taifa ilieleza kwamba huko kwao ndivyo wanavyoshukuru.

Waziri wa Kilimo, Ukarimu na Mambo Yanayofanana na Hayo, Mheshimiwa Dokta Kibindo, alipanda jukwaani akakohoa kidogo.

"Ndugu wananchi," alisema, "msiwe na wasiwasi kuhusu chakula cha wageni wetu. Nguruwe hawa hula majani makavu, minyoo, na matunda ya mti uitwao mwaloni. Basi."

Mwaloni haukuwepo nchini hata mmoja. Mheshimiwa alilijua hilo, kwa hiyo akaongeza kwamba kampeni ya kupanda mialoni ingeanza mara tu mwaloni wenyewe ukionekana. Tangu siku hiyo nguruwe wakaitwa Wageni wa Taifa, na sheria ikapitishwa kwa kauli moja kwamba Mgeni wa Taifa hafukuzwi, hapigiwi kelele, wala hasumbuliwi akiwa na kitu mdomoni.

Walijengewa uzio imara huko Igombanilo, mahali penye udongo laini. Uzio ulizinduliwa asubuhi, ukapigwa picha kutoka pande zote, na jioni mkandarasi akaja kuung'oa kwa sababu ulikuwa unahitajika kwenye uzinduzi mwingine. Nguruwe walibaki wamesimama pale pale kwa muda, nadhani kwa heshima. Kisha wakaanza kutembea.

* * *

Shamba la kwanza walilolikuta lilikuwa la Mama Lugembe. Mwanamke huyu alilifyeka mwenyewe kwa panga, akiwa na mimba ya huyo Lugembe, baada ya mumewe kwenda kutafuta kazi mgodini na kupata kazi ya kutorudi. Lugembe mwenyewe alikuwa ameshaoa na kuhamia mbali. Shamba ndilo lililobaki kumwita mama kila asubuhi. Lilikuwa na mihogo upande wa juu, karanga katikati, maharage chini karibu na kijito, na kuku waliojifanya nao ni wakulima.

Nguruwe waliingia na pua zao. Pua ya nguruwe mwitu ni jembe ambalo halichoki wala halihitaji mpini. Walifukua mihogo shina kwa shina, wakaifuata mistari ya karanga kana kwamba waliipanda wao, wakala maharage na miti iliyoyashikilia. Wakala mayai. Wakamla na mtetea aliyekuwa ameyalalia, kwa kuwa hakutaka kupisha. Walipoondoka, shamba lilikuwa limelimwa vizuri kuliko alivyowahi kulilima yeye, ila halikuwa na kitu, isipokuwa mashina machache ya mihogo kwenye kona karibu na nyumba.

Mama Lugembe aliweka mikono kichwani. Halafu akaishusha, akaenda kumwita Bwana Shamba.

Bwana Shamba wa Igombanilo alikuwa Mlimbila, mtu mpole mwenye stashahada na pikipiki ya ofisi ambayo mafuta yake yalikuwa bado yanajadiliwa. Alifika kwa miguu.

"Shikamoo, Mama Lugembe."

"Marahaba, Bwana Shamba. Mihogo yangu imeliwa."

"Pole sana. Uliila lini?"

"Sikuila mimi. Imeliwa na nguruwe."

"Mgeni hali mihogo, mama. Ilitangazwa."

"Yule pale ana muhogo mdomoni."

Mlimbila akatazama. Dume moja kubwa lilikuwa limesimama chini ya mti, povu likilitoka pembeni mwa meno.

"Ameushika," akasema Mlimbila.

"Anautafuna."

"Huko kwao ndivyo wanavyoshika."

Mama Lugembe alimtazama sana. Mlimbila akatazama viatu vyake, ambavyo kwa kweli vilistahili kutazamwa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba shamba halina budi kufunikwa na kitu cha kijani, kwa kuwa Ukaguzi wa Kijani ulikuwa unakuja kila mwisho wa mvua, na shamba litakalokutwa tupu litachukuliwa kuwa malazi ya Wageni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Nguruwe hawangelala nje wakati kuna ardhi imekaa bure.

"Ardhi haikukaa bure. Ilikuwa na mihogo."

"Ndiyo maana tunakushauri usiile yote kwa mpigo, mama," akasema Mlimbila, na usoni alionekana kama mtu anayeumwa jino.

* * *

Msidhani wananchi wa Igombanilo walikaa tu wameshika tama. Jirani yake Mama Lugembe, Mzee Sizya, alipanda pilipili kichaa kuzunguka mahindi yake, ukuta wa pilipili mbivu nyekundu. Nguruwe wakaja, wakazitia pua, wakapiga chafya mpaka wakasahau walichokuja kutafuta.

Mzee Sizya alikamatwa siku ile ile. Shitaka lilikuwa kumtia chafya Mgeni wa Taifa katika eneo la kilimo. Hakimu alikuwa mtu wa huruma, akampa adhabu ndogo: aombe radhi mbele ya wahusika. Basi kikawekwa kipaza sauti malishoni, Mzee Sizya akavaa kanzu yake ya Idi, akawaomba radhi nguruwe kwa niaba yake, ya ukoo wake na ya pilipili. Kisha mahakama nzima ikasimama kimya kungoja jibu. Baada ya muda mrefu nguruwe mmoja akacheua, na karani akaandika kwamba radhi imepokelewa.

Siku ya pili yake sheria ikaongezewa kifungu: ni kosa kupanda kitu chochote kitakachomuudhi Mgeni katika chakula chake. Mzee Sizya akang'oa pilipili. Nguruwe wakarudi kwenye mahindi, ambayo kisheria walikuwa hawayali.

Mama Lugembe aliona yote hayo kutoka kwenye kona ya shamba lake. Siku hizo alikuwa haendi popote. Kona ile karibu na nyumba ilikuwa na mashina ya mihogo yaliyosalia, nayo ndiyo aliyoiwekea matumaini ya Ukaguzi. Alihamishia mafiga hapo. Alipika hapo, akachambua mboga hapo, akasuka nywele hapo. Hakumfukuza nguruwe yeyote, kwa sababu sheria ilikataza. Alikaa tu juu ya mihogo yake, na sheria haikusema lolote kuhusu mtu kukaa.

* * *

Malalamiko ya Igombanilo yalifika mji mkuu. Mheshimiwa Dokta Kibindo hakukasirika. Alisema wananchi wana haki ya kuelimishwa, akaamua kuja mwenyewe kufanya jaribio la kisayansi hadharani. Nguruwe angewekewa sahani ya mihogo mbele ya umati, asiile, watu warudi makwao wakiwa na amani.

Siku moja kabla, wataalamu wakafanya mazoezi. Walimchagua nguruwe mnene mwenye sura ya kiongozi, wakamuita Balozi, wakampandisha jukwaani na kumwekea sahani. Balozi alikula mihogo. Akala kitambaa cha meza, akala maua ya plastiki, kisha akaanza kumtazama mpiga picha.

Wataalamu wakakaa kikao. Kikao kikatoa jibu zuri sana, nawasifu: mnyama aliyeshiba hali. Kwa hiyo Balozi alishwe kwanza mpaka ashindwe. Alishwe nini? Majani makavu aliyakataa. Minyoo ilikuwa michache. Mialoni bado ilikuwa inatafutwa. Ikabidi iwe mihogo, na mihogo Igombanilo nzima ilikuwa imebaki mahali pamoja.

Mshauri wa Waziri alikuja na jembe na askari.

"Mama, Taifa linaomba mihogo yako," alisema.

"Ya nini?"

"Ya kumpa Mgeni leo, ili kesho asile."

"Kumbe anakula."

"Leo anakula kwa ajili ya sayansi. Kesho hatakula kwa ajili ya wananchi. Ni vitu viwili tofauti."

"Hii ndiyo iliyobaki, baba. Ukaguzi ukija nitaonyesha nini?"

"Utaonyesha uzalendo," akasema mshauri, akamwomba kwa adabu ahamishe chungu.

Wakang'oa yote. Mama Lugembe alilia. Sisemi machozi yalimlengalenga, la. Alikaa kwenye mafiga yake, kanga usoni, akalia kwa sauti kama anayelilia maiti, na askari mmoja akamwambia pole kisha akatazama huku na huku kuona kama amesikiwa. Balozi alikula mpaka tumbo likagusa ardhi.

Kesho yake umati ulikuwa mkubwa. Balozi aliburutwa jukwaani kwa toroli. Sahani ikawekwa mbele yake, ina mihogo ya kuchemsha iliyonyunyiziwa chumvi na nazi juu. Balozi aliitazama sahani, akatazama pembeni, akafumba macho.

"Mmeona?" akauliza Mheshimiwa. "Sayansi imesema."

Makofi yakapigwa. Wa kwanza kupiga alikuwa Bwana Shamba Mlimbila, kwa kuwa alikuwa amekalishwa mstari wa mbele kwa kazi hiyo.

"Sasa ndugu zangu," Mheshimiwa akaendelea, akiinua ile sahani juu watu waione na waisikie harufu, "kati yenu, nani anapenda mihogo?"

Watu walikuwa na njaa. Walidhani inagawiwa. Mikono yote ikanyooka, ya wazee, ya wajawazito, hata ya mwalimu mkuu. Mama Lugembe naye akanyoosha wake.

Mheshimiwa alitazama ile mikono kwa muda, taratibu, kama anayeihesabia huzuni.

"Basi," akasema, "wala mihogo tumewapata."

Akashuka jukwaani. Sahani aliondoka nayo, kama kielelezo.

* * *

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mama Lugembe alifunga safari kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya bonde, huko ambako watu wameishi na nyani tangu enzi na nyani wameshawafundisha mengi. Alirudi na mzigo mkubwa wa pingili za mihogo kichwani. Alipopita mbele ya ofisi, Mlimbila alikuwa amesimama mlangoni.

"Naona unapanda tena, mama."

"Napanda."

"Mihogo?"

"Mihogo."

"Vizuri. Safari hii usiile."

Mama Lugembe akaitikia kwamba atajizuia.

Kitu ambacho hakuulizwa, naye hakuona sababu ya kukisema, ni aina ya mihogo. Ulikuwa muhogo mchungu. Ukiutazama shambani ni muhogo kama mihogo mingine, majani yale yale, kijani kile kile. Ila ukiutafuna mbichi, dunia inakuzunguka na tumbo linakukana. Wenye kuujua huumenya, wakauloweka majini mpaka ulainike, wakauanika juani ukawa makopa, ndipo wakautwanga unga. Ni kazi ya kuchosha, na Mama Lugembe zamani aliiona ni kazi ya watu wenye shida. Sasa shida alikuwa nayo.

Muhogo ukaota. Ulipoanza kutia mizizi, Wageni wa Taifa walifika asubuhi kama kawaida yao. Mama Lugembe alikuwa amesimama mlangoni kwake, hathubutu kuketi, kwa maana kama mbinu hii isingefaa hakuwa na nyingine. Dume kubwa likafukua shina la kwanza. Likatafuna. Likatafuna tena, polepole. Kisha likasimama tuli kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi. Likakaa kitako. Likatapika kwa sauti kubwa, likatapika tena, na wenzake wakarudi nyuma wakilitazama kwa makini. Lilipopata nguvu za kuinuka likaondoka bila kuaga, na wengine wote wakalifuata, safu moja, kuelekea upande wa ofisi za Serikali, kulikokuwa na bustani za watumishi.

Mama Lugembe akaingia ndani akalala mchana, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Wageni wafike nchini.

* * *

Ukaguzi wa Kijani ulikuja mwisho wa mvua. Mashamba yote ya Igombanilo, isipokuwa moja, yalikutwa matupu, yakachukuliwa kuwa malazi ya Wageni. Wageni hawakulala humo, kwa sababu hamkuwa na chakula. Lakini malazi yalikuwepo, na Mheshimiwa alitoa hotuba ndefu ya kuyafungua. Mzee Sizya aliruhusiwa kubaki kwenye lake kama mfagiaji.

Shamba la Mama Lugembe lilisimama peke yake, kijani kibichi kabisa, majani yanapigana na upepo. Mlimbila, ambaye ndiye alikuwa Ukaguzi, alisimama ukingoni akalitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa linamvaa yeye.

"Mama Lugembe, huu ni muhogo mchungu."

"Ni muhogo."

"Unajua kifungu kipo. Ni kosa kupanda kitu kitakachomuudhi Mgeni katika chakula chake. Kuna Mgeni ametapika. Imeripotiwa."

"Kwani Mgeni anakula mihogo, Bwana Shamba?"

Mlimbila akaanza kutafuta kifungu kwenye daftari lake.

"Mheshimiwa alisema hali," Mama Lugembe akaendelea, kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mtoto wa mwenzake kufunga kifungo. "Sayansi imesema. Nawe ulipiga makofi, nilikuona. Sasa kama hali, mihogo yangu inamuudhi kwa njia gani? Au niende mjini nikamwambie Mheshimiwa kwamba Bwana Shamba wetu anasema Mgeni anakula?"

Mlimbila akatazama juu, akatazama chini. Alitafuta pa kupita kote kule, na sheria ilikuwa imesimama kila mahali. Mwishowe akasema kwamba shamba ni kijani, na kwamba yeye kwa upande wake hana swali.

Lakini hakuondoka. Alibaki pale anafutafuta jasho ambalo halikuwepo.

"Mama," akasema, "hebu nikatie pingili chache. Za kupanda."

"Za nini? Wewe una mshahara."

"Mke wangu alikuwa na viazi nyuma ya ofisi. Na maboga. Na mahindi kidogo ya watoto. Hakuna kitu, mama. Hata mizizi hakuna."

Mama Lugembe alichukua panga lake, akashika shina moja kana kwamba anataka kulikata, halafu akasita.

"Viazi vya mkeo vimeliwa na nani?"

Mlimbila akatazama njiani. Njiani hapakuwa na mtu.

"Tumekula wenyewe," akasema haraka, kama anavyosoma taarifa. "Mimi, na mama watoto, na watoto. Kwa siri."

"Ahaa. Basi mmeshiba," Mama Lugembe akasema, akaliacha lile shina, akainama kuendelea na palizi yake.

Alipalilia mstari mzima akamwacha amesimama pale. Alifika mwisho, akageuka, akaanza mwingine. Kwenye shamba la jirani Mzee Sizya alikuwa anafagia ardhi tupu, maana ndiyo kazi aliyopewa. Mlimbila akapiga hatua moja akaingia shambani.

"Nguruwe," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye.

"Sijakusikia, mwanangu. Umri huu."

Mlimbila akavuta pumzi, na safari hii ilimtoka yote, yenye viazi ndani yake na maboga na mahindi ya watoto na yale makofi aliyopiga akiwa mstari wa mbele.

"Nguruwe ndio waliokula! Wamekula vyote! Wamekula vya kwangu na vya kwako!"

Ng'ambo ya mpaka Mzee Sizya aliacha kufagia. Alisimama wima na ufagio wake, akitazama upande ule, akingoja kuona kama mbingu zitafanya chochote. Hazikufanya kitu.

Mama Lugembe akarudi kwenye shina lake. Alikata mzigo mzima, akamchagulia zile zenye macho mengi, akazifunga kwa kamba, akamtwisha. Kisha akamwelekeza jinsi ya kuuloweka muhogo wake, na akamsisitizia sana kwamba watoto wasiuguse mbichi.